Anayetaka Wajukuu Asikilize

Leo nataka kuongea hasa na mama mkwe anayengoja mjukuu. Tabia yake naijua. Redio ikigusa tu habari za kutoa mimba, anasema hayo ni maneno ya watoto waliopotea, anageuza kituo, anatafuta nyimbo za kwaya. Mama, leo usigeuze. Sheria ya kutoa mimba inamgusa hata yule mkamwana wako anayelia kila mwezi kwa sababu mimba haishiki, na nitajaribu kukuonyesha inamgusa kwa njia gani.

Tuanze na karatasi, maana bila karatasi tutabishana bure. Kanuni ya adhabu ya Kongo tunayoitumia ni ile ya tarehe 30 Januari 1940, ya wakati wa Wabelgiji. Kifungu cha 165 kinamfunga mwenye kumtoa mwanamke mimba, miaka 5 hadi 15. Kifungu cha 166 kinamfunga mwanamke mwenyewe aliyeitoa kwa kupenda, miaka 5 hadi 10. Vifungu hivyo havimtaji aliyebakwa, wala yule ambaye mimba inataka kumuua.

Halafu, tarehe 11 Julai 2003, Umoja wa Afrika ukapitisha kule Maputo itifaki ya haki za wanawake. Kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi ziruhusu waganga watoe mimba pale mwanamke alipobakwa au kushambuliwa kingono, pale mwenye kumpa mimba ni mtu wa damu yake, na pale mimba inapohatarisha afya ya mwili au ya akili ya mama, au uhai wake, au uhai wa mtoto aliye tumboni. Kifungu hicho hicho, na hapa wengi hawafiki, kinaanza kwa kumpa mwanamke haki ya kuamua kama atazaa, atazaa wangapi, na kwa nafasi gani. Kongo iliridhia mwaka 2008, kisha karatasi ikalala miaka 10. Mwaka 2018 ndipo ilipochapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na tarehe 6 Aprili mwaka huo mkuu wa Baraza Kuu la Mahakimu akatuma waraka kwa mahakimu na waendesha mashtaka ili kifungu cha 14 kitekelezwe. Kuchapishwa si jambo dogo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 215, inaupa mkataba uliochapishwa nguvu kuliko sheria za kawaida. Desemba 2020 Wizara ya Afya nayo ikatoa miongozo ya namna waganga watakavyotoa huduma hiyo.

Basi ya Maputo iko juu, ya 1940 iko chini, lakini ya 1940 haijafutwa kitabuni. Mwanasheria wa mjini anaelewa maana yake. Muuguzi wa mtaa wa Kasungami anaelewa jambo moja tu: kuna jela.

Na ni huyo muuguzi tunayepaswa kumtazama. Komuni yetu ya Annexe, yenye mitaa ya Kasapa, Kalebuka, Kasungami, Kimbembe, Kisanga, Luwowoshi, Munua na Naviundu, imezizunguka zile komuni nyingine 6 za Lubumbashi, ndiyo pana kuliko zote, na ndiyo inayompokea kila aliyekosa kiwanja mjini. Nyumba zinatangulia, maji, umeme na barabara vinafuata vikipenda. Mwanamke wa Kalebuka akianza kutoka damu saa sita za usiku hakimbilii hospitali kubwa ya Sendwe. Manseba wa kumbeba kwa pikipiki saa hiyo anaogopa majambazi, na akikubali, bei anayotaja haisemeki. Anabisha kwenye kisantre cha afya cha jirani: muuguzi mmoja, vitanda vitatu, kalenda ya kampuni ya dawa ukutani. Usiku ule, kwake yeye, muuguzi huyo ndiye sheria, ndiye Katiba, ndiye Baraza la Mahakimu.

Na swali la kwanza analoulizwa si "unaumwa wapi?" Ni "umekunywa nini?"

Sitamlaumu muuguzi. Yeye anajua kwamba mimba iliyotoka yenyewe na iliyotolewa kwa vidonge, mara nyingi hazitofautiani hata kwa macho ya daktari. Damu ni ile ile, maumivu yale yale, matunzo yale yale. Akimhudumia, kesho jirani atasema kisantre kile kinatoa mimba, keshokutwa polisi watakuja, na hata wasipomfunga watataka kitu. Basi anatafuta mlango wa kutokea: rudi na mume wako, leta barua, nenda hospitali kubwa. Mwanamke anarudi nyumbani na mabaki ndani. Yanaoza, homa inapanda, vijidudu vinatoka kwenye kizazi vinapanda mirija. Wengine wanakufa. Wengi wanapona, na hapo ndipo watu wanapodhani mambo yamekwisha. Baada ya miaka kadhaa ndoa inaanza kuyumba kwa sababu mirija ile ilishaziba. Au haikuziba kabisa: yai linanasa katikati, mimba inakua nje ya kizazi, na sasa ni upasuaji wa haraka au kaburi.

Kuna na madhara ya mkono wenyewe. Bado sehemu nyingi mwanamke aliyeharibikiwa mimba anakwanguliwa kwa chuma. Mkono ukizidi, kuta za kizazi zinachubuka na kushikamana, na mimba inayofuata haipati mahali pa kukaa. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwa miaka mingi tuache chuma hicho, tutumie pampu ndogo ya kuvuta kwa mkono, au vidonge vya misoprostoli. Vizuri. Lakini pampu hiyo na vidonge hivyo ndivyo vile vile vinavyotumika kutoa mimba! Muuguzi mwenye hofu hataki vionekane kabatini mwake. Chuma hakimshtui mtu. Na misoprostoli hiyo hiyo ndiyo inayomzuia mama aliyejifungua salama asimwage damu mpaka kufa, hasa mahali ambapo hakuna friji ya kutunzia dawa ya sindano. Kwa hiyo hofu ya kifungu cha 165 inamfikia hata mama aliyeolewa kanisani, mwenye mimba ya kutakiwa, aliyezaa mtoto mzima saa moja iliyopita.

Ndiyo maana nasema, mama mkwe, anayetaka wajukuu ndiye angekuwa wa kwanza kutaka muuguzi aijue sheria mpya. Nimesikia watu wakipanga mjadala huu kana kwamba upande mmoja wanapenda watoto na upande mwingine hawawapendi. Mimi sioni hivyo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na wenzao wa Taasisi ya Guttmacher walikadiria kwamba Kinshasa peke yake, mwaka 2016, zilitolewa mimba karibu 146,700, yaani 56 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa kuzaa. Mwaka ule itifaki ilikuwa bado haijachapishwa na kifungu cha 166 kilikuwa na meno yote. Hakikuzuia mimba hizo kutoka. Kiliamua tu zitokee wapi na kwa mkono wa nani.

Mji wetu, kwa bahati au kwa mkosi, umelelewa na kampuni iliyohesabu watoto. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ya migodi ya Union Minière ilianza kuacha desturi ya kuleta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, ikawakalisha kambini na wake zao. Mke aliyezaa akawa faida. Posho ya chakula iliongezeka kwa kila mtoto, kukawa na nyumba za kujifungulia, watoto wakapimwa uzito, mama akafundishwa namna ya kumnyonyesha na kumwachisha. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameziandika kwa kirefu familia hizo za wafanyakazi, na wazee wetu wengi wanaikumbuka posho ile kwa kuitamani. Sikatai, watoto walishiba. Lakini hakuna aliyemuuliza mama anataka wangapi. Kampuni ilikuwa inalea wachimbaji wa kesho. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilipoporomoka miaka ya 1990, posho iliondoka, hesabu ya watoto ikabaki. Uchunguzi wa taifa wa 2013-14 ulikuta mwanamke wa Kongo anazaa kwa wastani watoto 6.6, na kati ya wanawake 100 walio katika ndoa ni 8 tu waliotumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi.

Kupanga uzazi kwenyewe kulikuwa chini ya kivuli hicho hicho cha jela. Kanuni ya adhabu ina kifungu cha 178 kinachomwadhibu mwenye kuuza na kutangaza vitu vya kuzuia mimba. Kilikaa humo wakati serikali hiyo hiyo ikifungua mipango ya uzazi na wafadhili wakileta makasha ya dawa. Mhudumu wa afya ya jamii alizunguka mtaani na kondomu kwenye mfuko, akifanya kazi ya serikali kinyume cha sheria ya serikali. Tarehe 13 Desemba 2018 ikaja sheria ya misingi ya afya ya umma, ikasema wazi kwamba kila aliye katika umri wa kuzaa anaweza kupata njia ya kuzuia mimba baada ya kuelezwa na kukubali kwa hiari. Kwa walio katika ndoa halali, sheria inataka wakubaliane. Wasipokubaliana, matakwa ya yule anayehusika ndiyo yanayopita. Baba zangu, mmesikia. Kijiti cha kuzuia mimba kinawekwa kwenye mkono wa mama, si kwenye mkono wako. Bado kuna visantre vinavyodai saini ya mume, ingawa mabadiliko ya Sheria ya Familia ya Julai 2016 yalikwisha kuondoa ile ruhusa ya mume ambayo zamani mke alihitaji kwa kila tendo la kisheria.

Sasa kuna jambo la hapa hapa Annexe ambalo hatupendi kulisema.

Tarehe 25 Septemba 2020 wafungwa wa gereza kuu la Kasapa waliasi. Kwa siku 3 hivi walilishika gereza, sehemu ya wanawake ikachomwa moto, na makumi ya wanawake, pamoja na msichana mdogo, wakabakwa mara kwa mara. Shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa yake mwaka 2021 na kuilaumu serikali kwa namna ilivyowatendea walionusurika. Sisi tulisikia milio ya risasi, tukafunga milango. Baadaye tukaongea zaidi juu ya waliotoroka.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72 baada ya kubakwa. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinafaa zaidi ndani ya saa hizo hizo 72, na nguvu zake zinazidi kupungua hadi saa 120. Siku 3 ni saa 72. Mwanamke aliyebakwa siku ya kwanza, hata kama angepokelewa mlangoni na daktari mwenye kila dawa siku walipolikomboa gereza, dirisha la kwanza lilikwisha kumfungia akiwa ndani. Na tafadhali tusidanganyane juu ya kidonge kile. Hakitoi mimba. Kinachelewesha yai lisitoke. Mimba ikishashika hakina kazi tena, na hapo mlango uliobaki kwa mwanamke huyo ni ule wa kifungu cha 14 cha Maputo, uliokuwa umekwisha kufunguliwa na gazeti rasmi miaka 2 kabla.

Nani alikuwa wa kumweleza? Mlinzi? Mfungwa aliye chini ya mikono ya serikali usiku na mchana hana muuguzi wa jirani wa kumgongea. Sheria ikishindwa kufika Kasapa, ambako serikali yenyewe ndiyo inayoshika ufunguo, itafikaje Munua?

Nirudi kwa wanaotafuta mtoto, maana niliwaahidi. Wenye dola chache wanakwenda kwa mganga wa mizizi na kwa mchungaji, mara nyingi kwa wote wawili bila mmoja kujua habari ya mwenzake. Wenye dola nyingi wanavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Lusaka, au wanaruka hadi Afrika Kusini na India, yai likutanishwe na mbegu ndani ya maabara kisha lirudishwe kizazini. Zambia yenyewe ina sheria inayoruhusu mimba kutolewa kwa sababu za afya na za maisha tangu 1972, miaka mingi kabla ya Maputo. Lakini inataka saini za madaktari 3, mmoja wao bingwa. Mtafutie mwanamke wa kijijini madaktari 3 kwa siku moja! Wanawake wa huko wameendelea kutoa mimba kwa mizizi na vijiti, sheria nzuri ikiwa juu ya meza. Kwa hiyo wanaodhani Kongo itapona kwa kuandika tu upya kanuni ya adhabu, waende Kasumbalesa wakaulize upande wa pili.

Matibabu hayo ya maabara yanaguswa na sheria ya mimba kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Nchini Marekani, baada ya Mahakama Kuu yao kuondoa ulinzi wa haki ya kutoa mimba tarehe 24 Juni 2022, kila jimbo likashika njia yake. Tarehe 16 Februari 2024 mahakama kuu ya Alabama ikaamua kwamba viinitete vilivyohifadhiwa kwenye barafu ya maabara ni watoto, na aliyeviangusha anaweza kudaiwa kama aliyesababisha kifo cha mtoto mdogo. Kiliniki kubwa zikasimamisha huduma mara moja. Wanawake waliokuwa wamedungwa sindano za homoni kwa wiki nzima wakaambiwa warudi nyumbani. Hao hawakuwa watu wa kutoa mimba. Walikuwa wanatafuta watoto kwa kila senti waliyo nayo. Wabunge wa jimbo hilo wakakimbilia kutunga sheria ya kuwakinga waganga, na gavana akaitia saini tarehe 6 Machi. Hawakujibu swali kama kiinitete ni mtoto. Waliwakinga tu waganga, wakaondoka.

Kwetu Sheria ya Familia, kifungu cha 211, inampa Mkongomani haki za kiraia tangu kutungwa mimba, kwa sharti kwamba azaliwe hai. Walioiandika mwaka 1987 pengine waliwaza urithi tu, mtoto ambaye baba amekufa akiwa bado tumboni. Lakini sharti lile la kuzaliwa hai ni la thamani kubwa, na siku wabunge wetu watakapokaa kupanga mambo ya uzazi wa maabara ningewaomba wasiliguse kwa pupa. Majirani hawangoji: bunge la Rwanda lilipitisha Agosti 2025 sheria ya huduma za afya inayopanga uzazi wa msaada wa waganga na kumruhusu kijana wa miaka 15 apate njia za kuzuia mimba.

Ndugu zangu Wakatoliki wataniambia Kanisa limekataa yote mawili, kutoa mimba na mtoto wa maabara. Ni kweli, liliandika hivyo Roma mwaka 1987, na halijipingi. Mimi najadiliana na wale wanaokataa la kwanza hadharani na kulipia la pili kwa siri.

Halafu kuna fedha. Tangu 1984 kila Republikan anapoingia Ikulu ya Marekani analirudisha au kuliendeleza lile agizo la kuyanyima msaada mashirika ya nje yanayogusa habari za kutoa mimba. Januari 2025 lilirudi, na safari hii USAID nzima ilifungwa. Katikati ya mwaka huo bidhaa za kupanga uzazi zenye thamani ya dola milioni 9.7 zilikwama ghalani Ubelgiji huku Washington ikisema zitateketezwa. Sehemu kubwa ilikuwa ya nchi 5 za Afrika, na Kongo ilikuwa moja. Vijiti, sindano, vitanzi. Hakuna hata kimoja kinachotoa mimba. Mwanamke wa Kimbembe aliyekosa sindano yake ya miezi 3 anaweza kubeba mimba asiyoitaka, na baadhi ya walio kama yeye watabisha usiku kwenye kile kisantre cha vitanda vitatu.

Nimalize kwa ujumbe wa baba mmoja wa Luwowoshi, ana maswali mawili. Anauliza kwanza, mke wake akiharibikiwa mimba yeye akiwa kazini Kolwezi, je, muuguzi anaweza kukataa kumtibu mpaka mume arudi? Hapana, baba. Anayetoka damu anatibiwa saa ile ile, na muuguzi hana wajibu wa kumpeleka polisi. Kinyume chake, kifungu cha 73 cha kanuni hiyo hiyo ya adhabu kinamkataza kutoa siri ya mgonjwa. Swali la pili: mke wake aliacha sindano mwezi wa Januari ili wapate mtoto wa tatu, sasa ni Aprili na hakuna kitu, dada zake wanasema sindano imemziba kizazi. Haijamziba. Sindano ile inachelewa kutoka mwilini; wanawake wengi wanangoja miezi 9 au 10 tangu ile ya mwisho ndipo mimba ishike. Kijiti na kitanzi vikitolewa, mimba inaweza kushika mwezi unaofuata, lakini sindano haina haraka hiyo. Basi, baba, ngoja angalau mpaka Desemba, na hizo faranga za kumlipa mganga wa kufungua kizazi, mnunulie mke wako mbuzi.